Tatizo si Kibodi, Tatizo ni Kidole

Kuna kisingizio ambacho nimekisikia mpaka masikio yamechoka. Muulize mwandishi wa Kiswahili kwa nini ameandika “ngombe” badala ya “ng'ombe”, kwa nini mishororo ya shairi lake imetawanyika kama mahindi yaliyomwagika sokoni, kwa nini mstari mwekundu umepita chini ya kila neno na yeye hata hashtuki. Atakujibu: “Ah, hii kibodi ni ya Wazungu bwana. Haikutengenezewa sisi.” Kisha anaendelea na chai yake.

Jibu hilo lina ukweli nusu, na hakuna mto mtamu wa kulalia uvivu kama ukweli nusu. Mimi ni mwandishi wa habari. Mkate wangu unatoka kwenye vitufe hivi, na mara kwa mara huombwa kupitia miswada ya hadithi na mashairi kabla haijachapishwa. Kwa hiyo nasema ninachokiona: fasihi yetu ya mtandaoni inaharibiwa na watu wanaojua tamathali zote za semi lakini hawajui kazi ya vitufe vilivyo chini ya vidole vyao. Na wanajivunia kutojua! Eti wao ni wasanii, mambo ya kompyuta ni ya vijana wa IT.

Tuanze na ule ukweli nusu. Ndiyo, kibodi haikutengenezewa sisi. Mpangilio huu unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashine iliyobuniwa Milwaukee, Marekani, na Christopher Latham Sholes na wenzake, waliopata hataza mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Mashine ile ya kwanza iliandika herufi kubwa tu. Herufi ndogo zilikuja na Remington Na. 2 mwaka 1878, na ndipo kitufe cha Shift kilipozaliwa. Maana ya jina hilo ni kusogeza, kwa sababu ukikibonyeza, chuma ndani ya mashine kilisogea kweli kweli ili herufi kubwa iguse karatasi. Enter nayo ni mjukuu wa ule wenzo wa taipureta uliorudisha karatasi mwanzo wa mstari. Katika historia yote hiyo hakuna Mswahili aliyeulizwa maoni. Hapo hatubishani.

Lakini hebu tazama bahati tuliyo nayo. Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja, hakihitaji herufi hata moja nje ya zile 26 zilizo kwenye kipakatalishi chochote. Q na X zinakaa bure kama wageni waliokosea harusi. C hufanya kazi ikiongozana na H tu. Mfaransa anahangaika na é, Mjerumani anatafuta ß, Mturuki anataka i isiyo na nukta, Myoruba anataka nukta chini ya herufi na alama za toni juu yake. Sisi? Herufi 24 na alama moja. Moja tu: ritifaa.

Na hiyo moja imetushinda.

Kwenye kibodi ya mpangilio wa Kimarekani, ritifaa iko mstari wa kati, upande wa kulia, jirani kabisa na Enter. Kidole kidogo cha mkono wa kulia hakihitaji safari. Hata hivyo nikifungua miswada kumi, nakuta “ngombe”, nakuta “ng`ombe” yenye ile alama ya kona ya juu kushoto, chini ya Esc, ambayo si ritifaa hata kwa bahati mbaya, nakuta “n'gombe”, nakuta “ng,ombe” yenye mkato. Mnyama mmoja, mazizi manne, na hakuna hata moja lililo lake.

Mtu atasema: “Si msomaji anaelewa tu?” Anaelewa ng'ombe, ndiyo, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kukichanganya naye. Lakini chukua “ng'oa” na “ngoa”. La kwanza ni kutoa kwa nguvu kitu kilichoshikilia: jino, mti, msumari. La pili ni wivu, au tamaa iliyopanda. Mwandishi wa hadithi ya mapenzi akikosa kitufe kimoja hapo, anaweza kuwa ameandika kisa cha daktari wa meno. Ritifaa si pambo. Inatenganisha sauti mbili ambazo kila mtoto wa Kiswahili huzitenganisha kabla hajajua kusoma. Ukiiacha, umeandika lugha ambayo hakuna anayeizungumza.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: utafutaji. Maandishi ya mtandaoni husomwa na mashine kabla ya kusomwa na mtu. Msomaji wa mwaka ujao akitafuta “nong'ona” au “ning'inia”, mashine itamletea waliochapa hivyo. Programu nyingine huvumilia ritifaa iliyonyooka na iliyopinda na kuzihesabu kuwa kitu kimoja. Lakini aliyechapa kwa alama ya kona ya juu kushoto, au aliyeiacha kabisa, anaweza asionekane kamwe. Tunalalamika kila siku kwamba Kiswahili hakina maandishi ya kutosha mtandaoni. Sawa. Sasa kwa nini hata yale machache tunayafukia kwa mikono yetu?

Tuje kwenye ushairi, maana hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Kitufe cha Enter hakina maana ya “nenda mstari wa chini”. Kina maana ya “aya hii imekwisha, anza nyingine”. Katika programu nyingi za kuandikia, na katika mitambo mingi ya kuchapishia blogu, kila ukibonyeza Enter unaachiwa nafasi baada ya aya. Ukitaka kushuka mstari bila kufunga aya, unashikilia Shift kisha unabonyeza Enter. Basi. Siri yote ndiyo hiyo.

Sasa mshairi ambaye hajui hilo anaandika ubeti wa mishororo minne na kubonyeza Enter mara nne. Kwenye skrini inatokea mishororo minne iliyoachana, kila mmoja kwenye kisiwa chake. Beti nne zinageuka vipande kumi na sita vya upweke. Msomaji hajui ubeti umeanzia wapi na umeishia wapi. Kibwagizo, ambacho kazi yake ni kufunga mlango wa ubeti, kinakuwa mstari kama mistari mingine, maana hakuna mlango. Mizani ziko sawa, vina viko sawa, lakini jicho limenyimwa umbo. Na huyu ni mtu aliyehesabu silabi kwa vidole usiku kucha! Vidole hivyo hivyo vimemshinda kwa vitufe viwili.

Kosa lake pacha ni la upau wa nafasi. Mshororo wa mizani kumi na sita una ukwapi na utao, na washairi wengi hupenda kuvipanga kama nguzo mbili zinazotazamana. Jambo zuri. Lakini wanazijenga nguzo hizo kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka utao ukae sawa machoni pao. Kisha shairi linapelekwa mtandaoni, na kurasa za mtandao zina sheria yao: nafasi nyingi zinazofuatana huhesabiwa kuwa moja. Nguzo zinaporomoka. Mshairi anasema blogu imemharibia kazi. La, ndugu yangu, ulijenga kwa mchanga. Kwenye programu ya kuandikia, kitufe cha kupangia nguzo ni Tab, kile chenye mishale miwili upande wa kushoto, na jina lake limetokana na kupanga majedwali tangu enzi za taipureta. Kwenye blogu, ambako hata Tab haisaidii, tumia mkato kati ya ukwapi na utao, kama mashairi mengi ya magazetini yalivyofanya miaka nenda miaka rudi. Wale wazee wa ukurasa wa mashairi hawakuwa washamba. Walijua nafasi nyembamba ya safu ya gazeti inaruhusu nini.

Nikimaliza na Enter, naenda kwenye mstari mwekundu.

Kipakatalishi kikitoka dukani kwetu, mara nyingi kimeambiwa kwamba mwenye nacho anaandika Kiingereza. Hakijui vingine. Kwa hiyo kila neno la Kiswahili ni kosa, ukurasa mzima unavuja damu, na mwandishi anazoea. Akishazoea, hata kosa la kweli halioni tena. “Anayefanana” likiwa “anayefanan” lina mstari mwekundu sawa na majirani zake walio salama. Kengele inayolia saa zote si kengele tena.

Mbaya kuliko mstari ni usahihishaji wa kimyakimya. Kiswahili kina “i” inayosimama peke yake: “Nyumba i wapi?” “Kazi i tayari.” Mashine iliyoambiwa unaandika Kiingereza itaigeuza kuwa herufi kubwa, kwa kuwa kwa Mwingereza herufi hiyo ikiwa peke yake ni “mimi”. Ukiorodhesha hoja kwa (a), (b), (c), hoja yako ya tatu itageuka alama ya hakimiliki. Nimeona miswada iliyopita mikono ya watu watatu wenye shahada, na ile “I” kubwa imekaa katikati ya sentensi ya Kiswahili kama mlingoti, hakuna aliyeishusha.

Dawa yake ni nini? Shikilia Ctrl, bonyeza A, maandishi yote yateuliwe. Nenda kwenye mpangilio wa lugha ya tahajia, chagua Kiswahili. Usahihishaji unaokukera, uzime. Na jambo hili halikuanza jana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, bure. LibreOffice ya leo ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, nayo bure. Kuna watu walikaa wakapanga maelfu ya maneno ili sisi tusivujishe damu. Halafu tunasimama kwenye makongamano kuuliza teknolojia inafanya nini kwa ajili ya Kiswahili. Swali zuri lingekuwa: sisi tumebonyeza nini?

Kuna na tatizo la vile vipakatalishi vya mtumba kutoka Uingereza, ambavyo hapa Kenya tumezoea kuviita “ex-UK”. Ni vizuri, bei yake inavumilika, lakini kibodi yake ina mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, na mara nyingi fundi ameweka programu yenye mpangilio wa Kimarekani. Matokeo yake ni kwamba ukitaka alama za kunukuu unapata @, na ukitaka @ unapata alama za kunukuu. Nimekutana na waandishi wanaoamini kibodi imekufa. Wengine wameacha kabisa kuweka alama za kunukuu kwenye mazungumzo ya wahusika, halafu mhakiki anawasifu kwa “mtindo wa kisasa”. Si mtindo. Ongeza mpangilio wa Uingereza kwenye mipangilio ya lugha, kisha shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze upau wa nafasi kuchagua unaoutaka. Mhusika wako atapata sauti yake.

Sitaki kuonekana natetea mashine kwa kila kitu. Kuna mahali mashine inastahili kulaumiwa, au tuseme walioitengeneza. Rafiki yangu ana jina lenye ritifaa mbili. Alijaza fomu ya mtandaoni ya taasisi moja, ikamjibu kwamba jina lake lina “herufi zisizokubalika”. Jina la baba yake! Sababu yake inajulikana: katika lugha inayotumika kuzungumza na hifadhidata nyingi, alama hiyo hiyo hufungua na kufunga maandishi, kwa hiyo mtunga programu mzembe anaiogopa. Badala ya kuandika programu inayojua kuipokea, jambo ambalo linawezekana na hufundishwa, anaipiga marufuku. Ikabidi rafiki yangu alivunje jina. Sasa cheti kinasema hivi na fomu inasema vile, na anaitwa kila mara kueleza kwamba yeye ni yeye. Hapo, ndiyo, tupige kelele. Nchi iliyojaa akina Ng'ang'a, Nyong'o na Ong'era haina haki ya kujenga fomu isiyowajua.

Lakini tutapigaje kelele hizo kwa uso upi, iwapo sisi wenyewe, watu wa maneno, ndio wa kwanza kuitupa ritifaa?

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025, nilisoma tanzia nyingi za kumlilia mtetezi wa lugha za Kiafrika. Nyingi zilimwita “Ngugi wa Thiongo”. Waandishi walimsifu kwa kupigania lugha za mama, na katika sentensi hiyo hiyo wakalinyang'anya jina lake alama tatu. Katika Gĩkũyũ, ũ si u na ĩ si i. Hizo ni irabu tofauti, ndiyo maana wenyewe hulitamka jina lile karibu na “Ngoge”. Hapa mtu ana haki ya kuniambia kwamba ũ haipo kwenye kibodi, na ni kweli, haipo. Lakini katika Word kwenye Windows, chapa 0169 kisha shikilia Alt ubonyeze X, ũ inatokea. Chapa 0129, fanya hivyo hivyo, inatokea ĩ. Sekunde nne. Mtu aliyeandika maneno elfu moja ya maombolezo alikosa sekunde nne za kuandika jina la maiti?

Na tusiongelee uhaba wa vifaa mbele ya watu kama yeye. Riwaya yake ya Caitaani Mũtharaba-inĩ aliiandika kizuizini Kamĩtĩ, mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, naye mashairi ya Sauti ya Dhiki akayaandika gerezani, pia kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka mwaka 1973. Turudi nyuma zaidi, kwa washairi wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu karne kadhaa. Hati ile haikutengenezewa Kiswahili. Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina ng'. Hawakusema “hii hati ni ya Waarabu bwana” wakaenda kunywa kahawa. Wasomi wao waliongeza nukta, wakaazima alama kutoka Kiajemi, wakakubaliana, wakabishana, wakaandika tenzi. Walikipindisha chombo cha wageni mpaka kikaongea lugha yao. Sisi tuna chombo ambacho hakihitaji hata kupindishwa, na bado.

Najua hoja itakayonijia. “Muhimu ni maudhui. Hayo mengine mhariri atarekebisha.” Mhariri yupi? Blogu zetu nyingi zinaendeshwa na mtu mmoja au wawili, usiku, baada ya kazi ya mshahara. Kila dakika anayoitumia kukurudishia ritifaa ni dakika aliyoinyima sitiari yako. Angeweza kukuambia kwamba mhusika wako wa tatu hana kazi kwenye hadithi. Angeweza kukuonyesha kwamba umetumia “mithili ya” mara kumi na tisa, jambo ambalo ungelijua mwenyewe kwa Ctrl na F. Badala yake anaziba matundu. Na wewe unapata hadithi iliyozibwa matundu, si hadithi iliyohaririwa.

Ajabu ni kwamba kuna vitufe ambavyo kila mtu anavijua vizuri. Ctrl na C, Ctrl na V. Hapo hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kibodi ni ya Wazungu. Marehemu Larry Tesler, mmoja wa waliobuni njia ya kunakili na kubandika katika maabara ya Xerox miaka ya 1970, angefurahi kuona alivyopata wafuasi waaminifu katika uhakiki wetu. Kwa hiyo uwezo wa kujifunza kitufe tunao. Tunachochagua ni kitufe kipi.

Fundi seremala hajui mti tu, anajua na randa yake. Mshonaji anajua cherehani mpaka sauti ya mkanda ukilegea. Mwandishi peke yake ndiye anayedai haki ya kutojua chombo chake na bado aitwe fundi. Mimi simwiti.

Basi kabla hujatuma kazi yako kwa blogu yoyote, hii ikiwemo, kaa na kipakatalishi chako nusu saa. Tafuta ritifaa bila kuangalia. Andika ubeti mmoja kwa Shift na Enter. Iambie mashine kwamba unaandika Kiswahili. Andika jina la Ngũgĩ wa Thiong'o kama alivyoliandika mwenyewe. Ukimaliza, ukaona kuna kitu Kiswahili kinahitaji na kibodi kweli haina, njoo unitafute, tutaandika malalamiko hayo pamoja, kwa alama zake zote.